Filta inayozuia kipindupindu haizuii floraidi: tuelewe tando za kuchuja maji, Arusha hadi Moshi

Familia yenye watoto wadogo inayohamia leo Maji ya Chai, Ngarenanyuki au Oldonyosambu inakutana na matatizo mawili ya maji, na hakuna hata moja linaloonekana kwa macho. La kwanza ni vijidudu: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara kwa watoto. La pili ni floraidi, madini ambayo maji yameyatoa kwenye miamba ya Mlima Meru. Nimekutana na wazazi waliotoa fedha nyingi kununua filta nzuri. Wanaisafisha bila kukosa, watoto hawaharishi tena, na bado meno ya kudumu ya mtoto yametoka na madoa ya kahawia. Wanadhani wameuziwa filta feki. Hapana. Filta yao inafanya kazi yake barabara, ila kazi hiyo ni ya tatizo la kwanza tu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu meno yakishatoka hivyo hayarudi, na kwa sababu maelezo ambayo yangemsaidia mzazi mapema si magumu. Yanahitaji tu kujua kitu gani kimo ndani ya maji, kina ukubwa gani, na utando ulio ndani ya filta unaweza kuzuia ukubwa upi.

Tuanze na ukubwa. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Giadia, kijidudu kinacholeta kuhara kusikoisha na tumbo kujaa gesi, husafiri majini ndani ya kifuko chenye mikroni 8 hadi 12. Kriptosporidiamu ana 4 hadi 6. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni moja hadi tatu na unene wa nusu mikroni. Virusi vya rota, vile ambavyo watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa dhidi yake tangu 2013, vina mikroni 0.07 hivi. Virusi vya polio na vya homa ya ini aina A vina kama 0.03.

Vyote hivyo ni vitu vyenye mwili vinavyoelea majini, na kinachoelea kinaweza kuzuiwa na tundu dogo kuliko chenyewe. Floraidi haimo kwenye safu hiyo. Ni ioni, yaani atomu moja yenye chaji ya umeme, iliyoyeyuka kabisa. Upana wake ni kama robo ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikroni. Maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu, bila harufu wala ladha yoyote ya ajabu.

Sasa tando. Utando wa kuchujia ni ngozi nyembamba, mara nyingi ya plastiki maalumu, wakati mwingine ya kauri, iliyotengenezwa kwa makusudi ili ipitishe maji na kuzuia kingine. Wataalamu wanazigawa katika familia nne kufuata udogo wa kinachozuiwa. Mikrofiltresheni ina vitundu vya kuanzia mikroni 0.1 kwenda juu. Ultrafiltresheni hushuka hadi kwenye 0.01. Nanofiltresheni iko kwenye nanomita moja hivi. Ya nne, osmosisi ya kinyume, ile ambayo wauzaji huiita RO, haina vitundu tunavyoweza kuvipima. Maji hujipenyeza katikati ya molekuli za utando wenyewe.

Ukishika safu hizo mbili, ya vitu na ya tando, mengi yanajieleza. Mikrofiltresheni inazuia giadia, kriptosporidiamu na bakteria wote wa maana, lakini virusi vya rota vinaweza kupita. Ultrafiltresheni nzuri inazuia na virusi. Zote mbili hazigusi floraidi kabisa, kwa kuwa floraidi inapita pale maji yanapopita.

Filta nyingi za mkononi na za ndoo zinazouzwa madukani ni za familia hizo mbili za kwanza. Ndani yake kuna kifungu cha nyuzi nyeupe, nyembamba, zenye uwazi katikati. Maji yanaingia kwa nje, yanapenya ukuta wa uzi, yanatokea kwenye ule uwazi yakiwa yameacha bakteria nje. Hakuna umeme wala dawa. Uzito wa maji yaliyomo kwenye ndoo ya juu unatosha kuyasukuma. Kwa nyumba inayotegemea mfereji au kisima cha wazi, kifaa hiki kinaokoa maisha, na natamani kila kaya ya vijijini ingekuwa nacho. Kinahitaji kurudishiwa maji safi kinyumenyume ili kusukuma nje tope lililoganda kwenye nyuzi, na kinachukia barafu. Waongozaji wa watalii wa Moshi wanaopanda Kilimanjaro wanalijua hili: filta iliyolowa ikiachwa nje ya hema usiku kambini Barafu, maji yaliyomo ndani ya nyuzi yanaganda, yanatanuka na kuzipasua. Asubuhi filta inatoa maji kama kawaida, tena kwa kasi zaidi, na hakuna dalili ya nje kwamba haizuii kitu tena. Ndiyo maana wenye uzoefu hulala nayo ndani ya mfuko wa kulalia.

Kwa nini tusiweke klorini tu tukamaliza? Kwa sababu klorini na utando kila kimoja kina pengo ambalo mwenzake analiziba. Klorini inaua virusi na bakteria vizuri sana, lakini kriptosporidiamu ana ganda gumu ambalo dozi ya kawaida hailimudu. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani, wenye mtambo wa kisasa, machujio ya mchanga na klorini, ulipata mlipuko wa kijidudu huyo uliokadiriwa kuugusa umma wa watu 403,000. Baada ya hapo miji mingi iliyokuwa ikiziona tando kama anasa ilianza kuzifunga. Kwa upande mwingine, maji yaliyopita kwenye utando hayana kinga yoyote yakishatoka. Ukiyaweka kwenye dumu chafu, au mtoto akachovya kikombe kwa mkono ambao haukunawa, umerudi ulikoanza. Klorini kidogo hubaki majini ikilinda, utando haubaki.

Meru na floraidi yake

Kwa nini Arusha? Meru ni volkano, na lava na majivu yake yana madini mengi ya floraidi. Lakini mwamba wenye floraidi peke yake hautoshi. Mahali ambapo maji yana kalsiamu nyingi, kalsiamu huikamata floraidi na kuiangusha chini kama madini magumu, hivyo kiasi kinachobaki majini hakipandi sana. Maji ya miteremko ya Meru yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo hakuna wa kuishika floraidi, nayo inabaki imeyeyuka. Kadiri maji yanavyokaa ardhini au kukauka juani bila pa kutokea ndivyo inavyozidi, na kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inafika mamia ya miligramu kwa lita.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, kwa kuwa kuna maeneo ambayo kiwango cha kimataifa kingefunga karibu kila chanzo, kabla ya nayo kushuka hadi 1.5. Mto Maji ya Chai na visima kadhaa vya upande huo vinazidi kiwango hicho mara nyingi.

Floraidi kidogo inaimarisha meno. Ikizidi wakati meno ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi, takriban mpaka mtoto afikishe miaka minane, gamba la jino linatoka na kasoro: kwanza mistari myeupe, kisha madoa ya kahawia, na hali ikiwa mbaya jino linamomonyoka. Mtu mzima aliyehamia Arusha kutoka Singida au Tanga hatabadilika meno, yake yalikwisha kujengwa. Ila mifupa yake haijasalimika. Mfupa unaendelea kuihifadhi floraidi maisha yote, na kwa viwango vikubwa, kwa miaka mingi, viungo vinakakamaa, mgongo unauma na kukosa kupinda. Kwenye maeneo yaliyoathirika zaidi kuzunguka Meru kuna watoto wenye miguu iliyopinda, na ukiwaona unaelewa kwa nini siwezi kuliandika hili kwa sauti ya chini.

Kuchemsha hakusaidii; kunazidisha. Ukianza na sufuria ya lita 5 zenye miligramu 8 kila moja, ukachemsha hadi zikabaki 4, floraidi yote ya zile lita 5 sasa imo kwenye lita 4, yaani miligramu 10 kwa lita. Filta ya mkaa ya kawaida inaondoa harufu na ladha ya klorini, floraidi inaiacha ipite. Na jikoni kuna mlango mwingine: magadi wanayopikia maharage na kande nayo huwa na floraidi, na maharage makavu hunywa maji mengi ya kupikia. Ukinunua maji safi ya kunywa halafu ukapikia maji ya kisima, umetatua nusu ya tatizo.

Jinsi RO inavyofanya kazi

Hapa ndipo familia mbili za mwisho zinapoingia, na inafaa tukae nazo kidogo.

Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza chombo pombe kali, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha kwenye maji. Kibofu kilivimba karibu kupasuka. Maji yalikuwa yanaingia kupitia utando kwenda upande wenye pombe, na pombe haikutoka kwa kasi hiyo. Maumbile yanataka pande mbili zilingane, kwa hiyo maji hukimbilia upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Hiyo ni osmosisi. Mizizi ya migomba na chembe za damu yetu zinaishi kwayo.

Ukitaka maji matamu kutoka kwenye maji ya chumvi inabidi uyasukume yaende kinyume na maumbile hayo, kwa presha kubwa kuliko ile ya osmosisi. Kwa maji ya bahari presha hiyo ya osmosisi ni kama mara 27 ya presha ya hewa usawa wa bahari, na mitambo ya bahari hutumia mara 55 hadi 70. Maji ya kisima cha Arusha yana chumvi chache kuliko bahari kwa mbali sana, hivyo pampu ndogo inatosha. Tatizo la zamani lilikuwa utando wenyewe: uliozuia chumvi ulitoa maji matone kwa matone. Karibu na 1960 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, kwenye chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba mno juu, iliyolala kwenye mgongo mnene wenye matundu. Ngozi ndiyo inayochuja, mgongo unabeba presha. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kuuza maji yaliyosafishwa kwa njia hiyo. Tando za leo hutumia poliamaidi, aina ya plastiki iliyo jamaa ya nailoni, na ile ngozi inayochuja ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya mikroni.

Ukipasua kichujio kilichochoka cha mashine ya nyumbani utaona karatasi ndefu za utando, zikitenganishwa na wavu wa plastiki, zimeviringishwa kama mkeka kuzunguka bomba lenye matobo. Maji yanaingia kwa upande mmoja na kupita sambamba na uso wa utando. Yanayopenya yanazunguka ndani kwa ndani hadi kwenye bomba la katikati. Yasiyopenya yanaondoka kwa njia nyingine yakiwa yamebeba chumvi zote zilizokataliwa. Kwa hiyo mashine ya RO ina mabomba mawili ya kutokea, na mnunuzi ambaye hakuelezwa hilo humwita fundi siku ya pili akidhani inavuja.

Hesabu yake ni hii. Chukua kisima chenye miligramu 8 za floraidi kwa lita, na mashine inayozuia asilimia 90. Ingiza lita 2, itoe lita 1 ya kunywa. Ya kunywa itakuwa na miligramu 0.8, salama. Lita ya mabaki itakuwa na 15.2. Sasa chukua mashine ileile uipeleke kwenye kisima chenye 20: maji ya kunywa yatakuwa na 2, juu ya kiwango, ingawa mashine haina kosa lolote. Ndiyo sababu "inaondoa asilimia 90" si jibu mpaka ujue unaanzia wapi. Mashine ndogo za nyumbani pia zina ulafi: kwa kila lita ya kunywa zinaweza kutupa lita mbili, tatu au nne. Mitambo mikubwa, inayopitisha mabaki kwenye tando nyingine kwa hatua, hurudisha sehemu kubwa zaidi.

Nanofiltresheni ni mdogo wake RO. Utando wake umelegea kidogo, unahitaji presha ndogo na umeme mdogo, na unazuia floraidi kwa njia mbili: kwa ubanaji, na kwa kuwa uso wake una chaji hasi sawa na ya floraidi, na chaji zinazofanana hufukuzana. Unaacha sehemu ya chumvi nyingine zipite, jambo ambalo kwa maji ya kunywa si baya. Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe ya Ujerumani na wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru wamejaribu mitambo ya namna hii ikiendeshwa kwa umeme wa jua kwenye vijiji vya kaskazini, na imeonyesha kwamba maji yenye floraidi nyingi sana yanaweza kushushwa hadi chini ya 1.5. Tusichanganye hiyo na Nanofilter ya Dkt. Askwar Hilonga wa taasisi hiyohiyo ya Nelson Mandela, iliyoshinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Ile hutumia mchanga pamoja na malighafi za kinano zinazonasa uchafu, na inaweza kurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Haina utando wa presha.

Mkaa wa mifupa nao unafaa kutajwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, na madini yake yananasa floraidi. Ni rahisi na hauhitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba ukishajaa hauonyeshi dalili, maji yanaendelea kutoka safi machoni huku floraidi ikipita yote, na wapo wasiokubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa wasiyojua imetokana na mnyama gani.

Kuhusu vipimo vya dukani. Kile kikalamu cha TDS kinachochovywa kwenye glasi hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani jumla ya chumvi zote. Kinaweza kukuambia kama utando wa RO bado mzima: kabla kilisoma 500, baada kinasoma 40, vizuri. Hakiwezi kukuambia floraidi ni kiasi gani. Kisima chenye TDS ndogo kinaweza kuwa na floraidi mara tatu ya kiwango. Na ukikutana na muuzaji anayetumbukiza vijiti viwili vya chuma vyenye umeme kwenye maji yako yakageuka tope la kahawia, fahamu kwamba ile kahawia ni kutu ya vijiti vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kinaliwa. Maji ya RO hayapitishi, kwa hiyo yanabaki meupe. Hakuna uchafu uliofichuliwa hapo, kuna mama wa watu aliyetishwa akanunua. Floraidi inapimwa maabara, na maabara za maji zipo.

Moshi, na utando wa kupimia

Shuka Moshi hali inabadilika. Mji unakunywa kwa sehemu kubwa maji ya chemchemi za Kilimanjaro, kama Nsere na Shiri, na kwa ubora wa asili ni miongoni mwa maji mazuri ya mijini nchini. Nimeona nyumba za Moshi zenye bomba la mji ambazo zimefunga RO kwa kuwa ndugu wa Arusha wamefunga. Wanatupa lita kadhaa za maji mema kwa kila lita wanayokunywa, na wanaondoa madini ambayo hayakuwa na shida. Wanachopaswa kuhofia ni kinachoingia njiani: bomba lililopasuka kwenye mtaro, tangi la juu ambalo halijafunguliwa miaka, dumu. Kwa hayo, klorini na tangi lililosafishwa vinatosha, na asiyeamini aongeze ultrafiltresheni.

Na ili kujua kama vijidudu vimeingia, maabara hutumia utando uleule tunaouzungumzia, safari hii ili kuwakusanya badala ya kuwaondoa. Mtaalamu anamimina mililita 100 za maji kwenye kikombe chenye utando mviringo chini yake, mweupe, wenye mistari ya miraba, vitundu vyake mikroni 0.45. Pampu inavuta, maji yanapita, bakteria wote waliokuwa kwenye zile mililita 100 wanabaki juu. Anaushika utando kwa koleo iliyopitishwa motoni, anaulaza taratibu kwenye sahani ya chakula maalumu cha bakteria ili usiwe na povu la hewa chini, anaigeuza sahani na kuiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 44.5. Kesho yake kila bakteria wa kinyesi aliyenaswa amezaa ukoo mzima, na ukoo huo unaonekana kwa macho kama doa la buluu. Anahesabu. Kiwango kwa maji ya kunywa ni sifuri. Doa moja tu linamaanisha kuna njia ambayo kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kimeyafikia maji hayo.

Mahali pengine ambapo utando unabeba uhai wa mtu moja kwa moja ni kwenye kusafisha damu ya mgonjwa wa figo. Willem Kolff, daktari Mholanzi, alianza mwaka 1943 wakati wa vita kwa kutumia mirija ya selofani iliyotengenezwa kwa ajili ya soseji. Leo kichujio cha figo kina maelfu ya nyuzi zenye uwazi, damu ikipita ndani na maji maalumu nje. Kila awamu inatumia lita 120 hivi za maji, na mgonjwa anahitaji awamu tatu kwa wiki. Mimi na wewe tunakunywa lita mbili kwa siku na yanapita tumboni kwanza. Kwake yeye lita zaidi ya 300 kwa wiki zinagusana na damu zikitenganishwa na ngozi moja nyembamba. Kwa hiyo kiwango cha floraidi kwa kazi hiyo ni miligramu 0.2 kwa lita. Maji ya mji yanayofaa kabisa kunywewa, yenye 1.5, yanazidi hapo zaidi ya mara saba. Mwaka 1993 huko Chicago mfumo wa kusafisha maji wa kituo kimoja ulichoka bila kugundulika, floraidi ikapita, wagonjwa 12 wakaugua na 3 wakafa. Kwa mkoa kama Arusha, RO ya kituo cha figo na mtu anayeipima kila siku ni sehemu ya matibabu sawa na dawa.

Turudi kijijini, maana huko ndiko wengi wanaoumia waliko. RO kwa kila nyumba Oldonyosambu haiwezekani: umeme, presha, vichujio vya awali vya kubadilisha kila baada ya miezi, utando wa kubadilisha baada ya miaka michache. Lakini floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kujali. Kuoga, kufua na kudeki hakuhitaji maji yaliyochujwa. Kinachohitaji ni kunywa na kupika, lita 5 kwa mtu kwa siku zikitosha. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji lita 15,000, na hiyo ni kazi ya mtambo mmoja wa wastani kwenye kisima kimoja, jua likiwepo, pamoja na kioski ambacho watu wanajaza madumu. Mabomba mawili kwa matumizi mawili: hili ndilo ningependa wahandisi na madiwani walizoee, badala ya kusubiri siku ambayo kila tone litakuwa safi. Njia nyingine, ya kuvuta maji yenye floraidi kidogo kutoka mbali na kuyachanganya na ya karibu, inafaa mjini penye mtandao mkubwa. Vijiji vilivyotawanyika juu ya miteremko havifikiwi kwa urahisi.

Mitambo ya namna hii haifi kwa sababu ya sayansi. Inakufa kwa sababu klorini ilipita kwenye utando wa poliamaidi ikauteketeza, au kichujio cha awali cha tope hakikubadilishwa, au pampu iliungua na hakukuwa na fedha kwenye akaunti. Na yale mabaki yenye floraidi karibu mara mbili ya kisima, yakimwagwa kwenye bonde ambalo ng'ombe wanakunywa, ng'ombe nao watapata meno na mifupa mibovu. Yatumike kufulia na vyooni, au yakaushwe kwenye bwawa lililosakafiwa. Kamati ya maji inayoletewa mtambo iandikishe haya kwenye mkataba kabla bomba la kwanza halijafungwa: nani ananunua utando mpya ule wa kwanza ukichoka, nani anapima floraidi kila mwezi na kubandika matokeo ukutani pale kioski, na mabaki yanaelekea wapi.